Je, vitamu bandia vinaweza kumwongezea mtoto kifafa cha kuzubaa?

Mama Asha

Ndugu wasomaji, naomba mwongozo wenu. Binti yangu ana umri wa miaka minane, na mwaka jana aligunduliwa kuwa na kifafa cha aina ile ambayo mtoto haanguki wala hatikisiki, bali huzubaa ghafla kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, kisha huendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hapakutokea kitu. Alianzishiwa valproeti ya maji, na hali ikatulia kwa miezi mingi hata mwalimu wake akasema haoni tena tatizo. Shida ni kwamba baada ya kuanza dawa hiyo hamu yake ya chakula iliongezeka na akaanza kunenepa, nami kwa kutaka kumsaidia nikaondoa sukari nyumbani. Sasa vinywaji vyake vyote ni vile vilivyoandikwa kuwa havina sukari, na panapohitajika utamu tunatumia vipakiti vya unga wa utamu bandia.

Majuma machache baada ya mabadiliko hayo, kuzubaa kulirudi. Mwalimu anasema mtoto hukatika katikati ya sentensi anaposoma kwa sauti, hunyamaza, kisha huendelea kutoka neno lilelile au huruka mstari. Katika kutafuta sababu, ndugu yangu mmoja alinitumia ujumbe wa sauti unaodai kwamba aspatemu ni sumu ya ubongo na kwamba imethibitishwa kuamsha kifafa. Mtu mwingine ninayemheshimu akaniambia kwamba huo ni uzushi mtupu na kwamba nisijishughulishe nao. Nimebaki katikati. Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi: je, kuna uhusiano wowote uliochunguzwa kati ya vitamu hivi na kifafa, na je, vitamu vyote vinahesabiwa kuwa sawa? Miadi yetu ya kliniki bado iko mbali kidogo, na sijui kama nifanye jambo lolote kabla ya hapo au nisubiri.

Mfamasia K

Mama Asha, pole kwa wasiwasi, na ahsante kwa kueleza kwa utulivu. Waliokupa majibu mawili yanayopingana wote wawili wamevuka mpaka: kusema imethibitishwa ni kutia chumvi, na kusema ni uzushi mtupu ni kupuuza utafiti uliofanyika, tena kwa watoto wenye kifafa hichohicho cha binti yako.

Kwanza tutenganishe vitu, kwa sababu jina «utamu bandia» linakusanya kemikali ambazo hazina undugu. Ukitazama orodha ya viambato, mara nyingi utaona majina au namba: E950 ni asesulfamu, E951 ni aspatemu, E954 ni sakarini, E955 ni sukralozi, na E960 ni vitamu vinavyotokana na mmea wa stevia. Sakarini na asesulfamu hupita mwilini na kutoka kwenye mkojo bila kubadilika, na sehemu kubwa ya sukralozi haifyonzwi kabisa. Aspatemu ni tofauti. Haifiki kwenye damu ikiwa nzima, kwani huvunjwa tumboni kuwa vitu vitatu: karibu nusu yake kwa uzito ni fenilalanini, takriban asilimia 40 ni asidi ya aspatiki, na asilimia 10 hivi ni methanoli. Hofu kuhusu kifafa imejengwa hasa juu ya fenilalanini, na kwa hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye sukralozi au sakarini kwa sababu tu navyo ni vitamu.

Fenilalanini si kitu kigeni. Imo katika karibu kila chakula chenye protini, na glasi ya maziwa ina nyingi zaidi kuliko kopo la soda lenye aspatemu. Hapa ndipo wanaosema ni uzushi hukomea. Hata hivyo kuna hoja ya upande wa pili ambayo si ya kijinga. Ili kuingia kwenye ubongo, fenilalanini hupita kwenye mlango uleule unaopitisha tairosini, triptofani na asidi amino nyingine kubwa, nazo hushindania nafasi. Maziwa au nyama huleta washindani wote kwa pamoja, lakini aspatemu huleta fenilalanini bila wenzake, na kwa kiwango kikubwa sana inaweza kuwazuia wengine wanaohitajika kutengeneza baadhi ya kemikali za mawasiliano ya ubongo. Richard Wurtman, mtafiti wa taasisi ya MIT nchini Marekani, ndiye aliyeisimamia hoja hii kwa nguvu miaka ya 1980, na mwaka 1985 aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu watu wazima waliopata mishtuko wakiwa wanatumia kiasi kikubwa cha vinywaji vyenye aspatemu. Hayo yalikuwa maelezo ya wagonjwa mmoja mmoja tu, na ushahidi wa namna hiyo huamsha swali pasipo kulijibu.

Sasa kiasi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeweka ukomo wa miligramu 50 za aspatemu kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na Ulaya hutumia 40, kiwango kilichobakizwa baada ya tathmini mpya ya mwaka 2013. Kopo la kawaida la soda isiyo na sukari huwa na takriban miligramu 200 au pungufu, kwa kuwa watengenezaji wengi huchanganya aspatemu na asesulfamu. Kwa mtu mzima wa kilo 60, ukomo wa Ulaya ni makopo kumi na mawili kwa siku, jambo ambalo ni nadra. Kwa mtoto wa kilo 20 ni makopo manne tu, na mtoto aliyeambiwa kwamba kinywaji hiki hakina sukari, kwa hiyo anywe atakavyo, anaweza kuyakaribia siku ya joto bila mtu kuona ajabu.

Mmoja tu ndiye ambaye hana mjadala: mtu mwenye ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria, ambaye mwili wake hauwezi kuivunja fenilalanini. Ndiyo sababu ya onyo lililoandikwa kwenye vifungashio. Ugonjwa huo usipotibiwa huharibu ubongo wa mtoto na huweza kuleta kifafa, na nadhani ujumbe mwingi wa sauti unaozunguka umechukua ukweli huo na kuuvisha watu wote.

Naomba uniambie mambo matatu: viambato vya kinywaji na vya vipakiti, viambato vya dawa yenyewe, na uzito wa mtoto sasa ukilinganisha na uzito aliokuwa nao dozi ilipopangwa. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua mimi kuliko aspatemu.

Mtembea Polepole

Namheshimu mfamasia, lakini naona sisi wagonjwa tunasikilizwa nusu. Nina kifafa tangu ujanani, kile cha kuanguka, na ninaujua mwili wangu. Kulikuwa na kipindi ambacho nilihamia kwenye soda nyeusi isiyo na sukari, nikawa nakunywa kutwa nzima kazini, na mishtuko ikazidi. Nilipoiacha, ikapungua. Nilipomweleza daktari alitabasamu, akaandika kitu kwenye faili, akaendelea na swali jingine. Mamlaka za chakula hutazama watu kwa mamilioni, wakati mimi ni mmoja. Ikiwa kitu kinamdhuru mmoja kati ya elfu, kwenye takwimu hakionekani, ila kwa huyo mmoja ndiyo maisha yake. Dada, ushauri wangu ni mfupi: iondoe leo, usingoje kliniki. Hakuna mtoto aliyewahi kuugua kwa kukosa soda.

Fundi wa EEG

Ningependa kuchangia kwa sababu kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo, na utafiti unaohusu swali hili ulitegemea kipimo hichohicho.

Kwa wasioujua ugonjwa huu, niwaeleze tunachokiona. Mtoto hulazwa na kubandikwa waya kichwani, kisha huombwa apumue kwa nguvu na kwa kina kwa takriban dakika tatu, kwa kuwa kupumua hivyo huuamsha kwa urahisi mshtuko wa aina hii. Mimi huwaomba pia wahesabu kwa sauti pale wanapopumzika. Mtoto anahesabu vizuri, kumi na mbili, kumi na tatu, kisha kimya. Kope zinacheza kidogo, na kwenye skrini mistari yote kwa pamoja inageuka mawimbi makubwa yenye ncha, matatu kwa kila sekunde, kama mtu aliyeyachora kwa muhuri. Baada ya sekunde nane au kumi mawimbi yanakatika na mtoto anasema kumi na nne. Ukimuuliza kwa nini alinyamaza, atakutazama kwa mshangao. Kuna milipuko mingine mifupi ya sekunde mbili au tatu ambayo bila skrini hata mimi niliyekaa kando ya kitanda nisingeitambua.

Mwaka 1992 kundi la Camfield nchini Kanada lilichapisha katika jarida la Neurology uchunguzi wa watoto 10 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kifafa cha kuzubaa na hawajaanza dawa. Siku moja mtoto alipewa kinywaji chenye ladha ya chungwa kilichotiwa sukari, na siku nyingine kinywaji kama hicho kilichotiwa aspatemu, miligramu 40 kwa kila kilo, isizidi gramu moja, bila mtoto wala mpimaji kujua ni kipi. Idadi ya milipuko na urefu wa kila mmoja viliongezeka, ila si kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu. Kilichopanda kwa uhakika ni jumla ya sekunde ambazo ubongo ulikuwa ndani ya mawimbi hayo kwa kila saa, kwa takriban asilimia 40. Waandishi wenyewe walisema inahitajika kujaribu viwango vya chini na aina nyingine za kifafa.

Huo ndio utafiti ambao ujumbe wa sauti unauita uthibitisho. Tazama masharti yake: watoto wasiotumia dawa, kiasi cha siku nzima kilichomezwa kwa mkupuo mmoja, siku moja tu ya aspatemu, na watoto kumi. Hata hivyo siupuuzi. Ulipangwa vizuri, na ndio uliotazama hasa aina ya kifafa cha Asha.

Upande wa pili kuna kazi ya Shaywitz na wenzake wa Yale, iliyotoka mwaka 1994. Watoto 10 wenye kifafa, wa miaka 5 hadi 13, walipewa miligramu 34 kwa kilo kila siku kwa wiki mbili, na vidonge visivyo na kitu kwa wiki mbili nyingine. Hakukuonekana tofauti katika mishtuko wala katika EEG, pamoja na ile ya saa 24. Hawa hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuwa na kifafa cha kuzubaa. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba kazi ya pili imeifuta ya kwanza analinganisha makundi mawili tofauti ya watoto. Mimi nasoma hivi: kwa kifafa kwa jumla, hakuna dalili ya kuaminika kwamba aspatemu huleta mishtuko, kwa kifafa cha kuzubaa kisichodhibitiwa na dawa, na kwa kiasi kikubwa cha mara moja, swali liliachwa wazi.

Ndugu Mtembea Polepole, malalamiko yako ya kutosikilizwa nayaelewa, na kuna uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya watu wanaosema kama wewe. Rowan na wenzake nchini Marekani, mwaka 1995 katika jarida la Epilepsia, waliwachukua watu 18 waliodai kwamba aspatemu iliwaletea mishtuko, wakawalaza hospitalini chini ya kamera na EEG mchana na usiku, wakawapa miligramu 50 kwa kilo kwa dozi tatu za siku, na siku nyingine kitu kisicho na dawa. Kiwango cha fenilalanini katika damu kilipanda, ila hakuna aliyepata mshtuko kwa sababu ya aspatemu. Haina maana kwamba walidanganya. Mtu anayekunywa soda nyeusi kutwa nzima kazini anakunywa pia kafeini, analala kwa taabu, na mara nyingi anairuka milo. Usingizi mdogo ni miongoni mwa vichochezi vya kifafa vinavyojulikana vizuri kabisa. Soda ilipoondoka, vyote hivyo viliondoka pamoja nayo, na hakuna njia ya kujua kipi kilikuwa na hatia.

Mtembea Polepole

Nimekusoma mara mbili, na la usingizi siwezi kulipinga, maana ulikuwa mwaka wa zamu za usiku. Hata hivyo siirudii. Sihitaji jarida la kitabibu ili niache soda, na kama ni kafeini au ni aspatemu, kwangu mimi matokeo ni yaleyale.

Baba wa Pacha

Naingia kwa upande ambao haujaguswa. Mmoja wa watoto wangu yuko kwenye lishe ya ketojeniki, ile yenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, ambayo imetumika dhidi ya kifafa tangu mwaka 1921 ilipopendekezwa na Daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, na leo hutumiwa zaidi kwa watoto ambao dawa hazikuwatosha. Kwa watoto hawa vitamu bandia si adui; ndivyo vinavyowawezesha kuonja kitu kitamu bila kuvunja lishe. Mtaalamu wetu wa lishe anaruhusu sakarini na sukralozi kwa kipimo.

Alichotufundisha kukitilia shaka ni unga unaobeba utamu. Sukralozi ina utamu wa takriban mara 600 ya sukari, kwa hiyo kiasi kinachohitajika kwenye kikombe ni chembe usiyoweza kuishika kwa vidole. Ili kijaze kijiko, watengenezaji huongeza dekstrozi au maltodekstrini, na vyote viwili ni wanga. Kipakiti cha gramu moja kinaweza kuwa karibu chote ni wanga, na bado kikaandikwa kuwa hakina kalori, kwa kuwa sheria ya Marekani inaruhusu kuandika sifuri pale ambapo kipimo kimoja kina kalori pungufu ya tano. Kwa mtu wa kawaida hilo halina uzito. Kwa mtoto anayeruhusiwa gramu chache za wanga kwa siku nzima, vipakiti vinne au vitano ni sehemu kubwa ya mgawo wake. Sisi tulihamia kwenye matone.

Binti ya Mama Asha hayuko kwenye lishe hii, kwa hiyo vipakiti havitamletea mshtuko kwa njia hiyo. Nimeandika kwa ajili ya mzazi mwingine atakayepita hapa. Tazameni pia chupa za dawa: dawa za maji za kifafa huwekwa sukari, sobitoli au maltitoli ili mtoto asizitapike, na wanga huo nao huhesabiwa.

Mama Asha

Nawashukuru nyote, hata mliotofautiana. Nimekagua nilivyoambiwa. Kinywaji anachokipenda kina E951 na E950 pamoja. Anakunywa chupa mbili ndogo kwa siku, na mwisho wa juma huenda zikawa tatu. Vipakiti ni sukralozi na maltodekstrini. Dawa yake ina sakarini na sobitoli. Na kuhusu uzito, dozi ilipangwa akiwa na kilo 19, na jana nimempima akawa na kilo 24. Je, niiache pia dawa hii ya maji na kuomba ya vidonge, kwa kuwa ina utamu bandia? Na kinywaji nikiondoe sasa au nisubiri ili daktari aone hali ilivyo?

Mfamasia K

Kilo tano juu ya 19 ni ongezeko la zaidi ya robo, na dozi ya valproeti kwa watoto hupangwa kwa kilo. Alichokuwa akipata kila kilo ya mwili wake mwaka jana hakipati tena leo, ingawa kijiko ni kilekile. Kama ningelazimika kuchagua mshukiwa mmoja, ningeanzia hapo. Aspatemu yake, hata ukihesabu chupa tatu kwa miligramu 200 kila moja, ni miligramu 600, yaani 25 kwa kilo, tena zikiwa zimegawanyika siku nzima. Ni chini ya ukomo, na chini ya kiasi ambacho watoto wa Kanada walimeza kwa mara moja.

Kwa hiyo usisubiri miadi. Piga simu kliniki, sema maneno haya mawili tu: mishtuko imerudi, na uzito umetoka kilo 19 hadi 24. Usiongeze dozi mwenyewe, na usiiache dawa hata siku moja kwa sababu ya sakarini iliyomo. Kuacha valproeti ghafla ni hatari iliyo wazi, wakati utamu uliomo kwenye kijiko chake haujahusishwa na kifafa. Vidonge unaweza kuviulizia kama mtoto anaweza kumeza, lakini iwe ni kwa urahisi wa kumpa dawa. Na ukiwa kwenye simu, mwulize daktari jambo jingine: kwa kifafa cha kuzubaa ipo pia ethosuksimidi, ambayo kwa kawaida haileti unene, na kwa mtoto wa kike mazungumzo kuhusu valproeti ni vizuri yaanze kabla hajavunja ungo, kwa kuwa dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu yeyote akikupendekezea kubadilisha kwenda kabamazepini au fenitoini kwa sababu ndizo alizozizoea, mkumbushe aina ya kifafa alichonacho binti yako, maana hizo zinaweza kuuzidisha uzubaaji.

Kinywaji kiondoe ukitaka, hapo naungana na Mtembea Polepole; mpe maji. Sababu yangu si hofu, ni kwamba kukiacha hakugharimu kitu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari kudhibiti uzito, kwa hiyo hata lile lengo lako la mwanzo hakikuwa kikilitumikia sana. Ubaya mmoja tu: ukikiondoa wiki ileile ambayo dozi inapandishwa, na hali ikatulia, hutajua kilichosaidia. Kwa mtafiti hilo ni pigo. Kwa mama wa mtoto wa miaka minane naona linavumilika.

Fundi wa EEG

Ongezeko dogo kwa ajili ya simu hiyo. Mwombe mwalimu aandike saa na kilichokuwa kikifanyika kila anapomwona akikatika, na wewe nyumbani fanya hivyo hivyo. Ukiweza, mrekodi kwa simu hata mara moja. Msijihukumu kwa idadi, kwa sababu mtakayoiona ni sehemu tu ya iliyopo, lakini daktari akiona kwamba zamani hapakuwa na tukio na sasa yapo kadhaa kwa siku, ataweza kuamua haraka kama EEG irudiwe. Akizubaa mfululizo bila kurudi kikamilifu kati ya tukio na tukio, au hali ya kuchanganyikiwa ikapita dakika tano, hiyo si ya kuandika kwenye daftari. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Mama Asha

Nimepiga simu asubuhi. Wametaka tuje kesho kutwa na chupa ya dawa na sindano ya plastiki tunayopimia, kwa kuwa wanataka pia kuona kama kipimo tunachokivuta ndicho kilichoandikwa. Daftari la mwalimu nimeshaliomba.